Shahidi wa Nyumba

Mtaani walimwita Bi Mapazia, na jina lilimkaa vizuri, maana ilikuwa vigumu kupata dirisha mtaa mzima ambalo hakuwahi kulivika. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyopandana mpaka karibu na dari. Kazi hiyo ilimfundisha mengi kuhusu watu. Alijua nani anashonesha pazia zito kwa sababu ya jua na nani kwa sababu ya majirani, naye alipenda kuwaambia wateja kwamba pazia si la kuzuia mwanga, ni la kuzuia macho. Wateja walicheka. Mwenyewe hakuwa anatania.

Mumewe walimwita Shabaha. Miaka mingi chama cha wakulima kilimtumia kulinda mashamba ya mahindi, na watu walisema nguruwe pori akiiona kofia yake tu, anakumbuka ana shughuli kwingine. Bunduki yake ilikuwa ya kujipakia yenyewe: ukishafyatua risasi moja, nyingine imekwisha kujipanga. Alipostaafu wakulima waliendelea kumwita kila nguruwe walipozidi, na siku hizo alitoka nyumbani mgongo umenyooka, akimtania mkewe mlangoni, "Bibie, usiniuze nikichelewa."

Mkewe alimjibu, "Nani atakununua na magoti hayo?"

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Kisha binti yao akafa.

Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa kucheka kwa sauti hata pasipo na la kuchekesha. Homa ilimchukua upesi mno, hata hawakupata nafasi ya kuogopa. Baada ya mazishi nyumba ikabaki na watu wawili wa "umeamkaje" na "chakula tayari." Si kwamba walikosana, la. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyowaziba midomo. Bi Mapazia aliona akilitaja jina la binti atamtonesha mumewe kidonda. Shabaha akaona kunyamaza ndiyo heshima. Jina la mtoto likafungiwa kabatini pamoja na nguo zake.

Shabaha akaanza tabia mpya. Kila asubuhi alitoka na bunduki, akaketi kwenye kibaraza cha nyuma, akaisafisha. Bunduki ambayo haijafyatuliwa haina uchafu wa kusafishwa, na mke wa mtu wa bunduki analijua hilo. Alijikaza, akapita hapo na sinia la chai kama kawaida, akaliweka, akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi moja alitokea na sinia akamkuta mumewe ameinamia bunduki, na mtutu umeelekea mahali ambapo mtutu hauelekezwi.

Walitazamana. Mkewe akaliweka sinia karibu naye.

"Naangalia kutu," Shabaha akasema.

"Chai itapoa," mkewe akasema.

Basi. Hayo ndiyo waliyoambiana, watu waliolala kitanda kimoja tangu ujanani. Shabaha aliiweka bunduki chini, akanywa chai. Bi Mapazia aliingia ndani, akafungua mtoto wa meza, akazikusanya risasi zote katika kitambaa, akaenda kuzitumbukiza katika shimo la choo. Kisha akakaa kwenye cherehani akashona pazia la mteja upande wa kinyume, na ikabidi alifumue lote.

Shabaha hakuuliza risasi zimekwenda wapi. Kutouliza kwake kulimtisha mkewe kuliko kama angefoka.

Wakati huo ndipo ilipotoka sheria mpya. Sheria kali haizuki bure: mahali fulani mtu mmoja alikuwa ameingia sokoni na bunduki ya kujipakia, na waliokufa walikuwa watu waliokwenda kununua nyanya. Redio ikatangaza kwamba bunduki zote za aina hiyo zimewekwa daraja la peke yake. Vibali vya zamani vimekufa. Kila mwenye nayo aipeleke ofisini ikaguliwe na isajiliwe upya, na aende na mtu mzima anayeishi naye, ambaye sheria ilimwita shahidi wa nyumba. Shahidi atahojiwa peke yake, mlango umefungwa. Mpaka usajili ukamilike, ni marufuku duka lolote kumuuzia mwenye bunduki hata risasi moja.

Bi Mapazia aliposikia hilo la mwisho, alipumua mpaka mabega yakashuka. Lakini hakuwa mjinga. Alijua maana yake: siku Shabaha akisajiliwa, siku hiyohiyo ataweza kununua risasi. Na wa kumwezesha asajiliwe ni yeye, shahidi wa nyumba.

Hakuwa na wa kumweleza isipokuwa wifi yake, dada mkubwa wa Shabaha, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiojua kupumzika. Alimweleza nusu, nusu nyingine wifi akaimalizia mwenyewe.

"Wifi, unataka kumvua kaka yangu nguo mbele ya serikali?" wifi akasema. "Wakishaandika kwamba ana matatizo ya akili, hayafutiki. Atapita mtaani watoto wanamzomea. Yule bila bunduki yake ni nani? Ni mzee mwenye kofia tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mficha maradhi, wifi, kifo humuumbua."

"Kifo kimeshapita humu ndani. Hakiwezi kurudi upesi hivyo."

Bi Mapazia akaokota sindano yake. Alilelewa katika nyumba ambayo mambo ya ndani yalibaki ndani, na mama yake alizikwa na siri ambazo hata mabinti zake hawakuzijua. Uongo nao hakuuweza. Kwa hiyo akafanya mapatano na nafsi yake: nikiulizwa, nitasema. Nisipoulizwa, si mimi niliyeitoa siri. Aliyaona ni mapatano ya haki. Mtu akiwa amebanwa hata uzi mmoja huuona kamba.

Siku ya kwenda ilipofika, waliongozana asubuhi. Shabaha alikuwa amenyoa ndevu, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Ofisi ya usajili ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na juu ya mabenchi wanaume walikuwa wameketi na bunduki zao zilizofungwa kwa shuka, wamezikumbatia kama watoto waliolala. Pembeni ya kila mwanaume alikuwapo mke, au mama, au kaka. Mabwana walipiga soga. Mashahidi walikuwa kimya, kila mmoja anaangalia viatu vyake.

"Wangu nimemwambia akinisema vibaya, leo halali ndani," akasema mkulima mmoja mnene.

"Na mimi nitasema vizuri," mkewe akajibu, "ila nitakulipisha."

Ukumbi ukacheka. Hata Shabaha alitabasamu. Mkaguzi alipoipokea bunduki yake akaifungua na kuichungulia, alipiga mluzi. "Mzee, hii inang'aa kuliko mpya. Laiti wote wangetunza hivi." Shabaha akainua kidevu. Mkewe akageuza uso.

Kisha akaitwa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilikuwa na pazia lililoshonwa ovyo, pindo moja limeshuka kuliko jingine. Afisa alikuwa msichana mwenye nywele fupi na sare iliyopigwa pasi, na kikombe cha kahawa kilichopoa kilikuwa mbele yake. Umri wake ulikuwa uleule wa marehemu, au karibu. Bi Mapazia alipoliona hilo, moyo ulimlegea. Huyu ataniuliza, akajisemea. Huyu ni mtoto wa watu, ataona.

"Karibu, mama. Usiogope. Unayosema hapa hataambiwa mtu."

"Ahsante, mwanangu."

Afisa akasoma maswali kwenye kompyuta. "Mumeo analewa?"

"Halewi."

"Amewahi kukupiga, au kuinua mkono kukupiga?"

"Hajawahi hata siku moja."

"Ana ugomvi na majirani? Wa mpaka, wa deni, wa wivu?"

"Majirani wanampenda."

"Amewahi kumtishia mtu yeyote kwa bunduki?"

"Labda nguruwe."

Afisa akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha sauti. Bi Mapazia akashika ukingo wa kiti. Alikuwa ameelekea mbele, mdomo uko tayari, analingoja swali lake. Alikwisha kulichagulia hata maneno. Niulize anavyolala, mwanangu. Niulize anavyoamka. Niulize kama ninapokwenda sokoni narudi mbio.

"Wewe unamwogopa?"

Hilo lilimkwaza. Alilitafakari kwa haki yote. "Mume wangu? Hapana. Simwogopi kabisa."

"Bunduki inakaa kwenye kabati lenye kufuli?"

"Inakaa."

"Basi, mama, tumemaliza." Afisa akajinyoosha, uso wake umechoka. "Laiti kila siku ningepata nyumba kama yako. Leo wameingia humu wake wawili wenye alama mwilini, nikalazimika kutoka nje nikalie. Una mume mwema. Mtunze."

"Ndiyo, mwanangu," akasema Bi Mapazia, akasimama, akatoka.

Ukumbini alikwenda kama mtu anayetembea juu ya sponji. Ameulizwa yote, amejibu yote, na hakusema uongo hata mmoja. Hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Shabaha alikuwa tayari kwenye dirisha la karani, bunduki yake mezani, na karani anatafuta muhuri. Alipomwona mkewe alitabasamu, tabasamu ambalo mkewe hakuliona tangu siku za homa. Angelilipia chochote tabasamu lile, kama lingekuja kwa njia nyingine.

"Wamesema tunapita," Shabaha akasema kwa sauti ya chini. "Tukitoka hapa, bibie, tupitie dukani mara moja."

"Duka gani?"

"Risasi zimeniishia."

Bi Mapazia alimtazama usoni. Mumewe hakuwa na hasira, wala mzaha. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

"Nimesahau miwani yangu kule ndani," akasema. "Nakuja."

Hakubisha hodi. Aliingia akaufunga mlango kwa mgongo wake. Afisa akainua kichwa.

"Usimpe," Bi Mapazia akasema. "Usimpe, mwanangu. Atajiua."

Kisha yakatoka yote, bila mpangilio: binti, kibaraza, asubuhi ya sinia, shimo la choo. Afisa aliacha kuandika. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja kama mtoto.

"Mama, mbona hukuniambia mara ya kwanza?"

"Hukuniuliza."

Afisa akarudi kwenye kompyuta, akapandisha maswali juu na kuyashusha chini, kana kwamba huenda moja lilimponyoka. Halikuwapo. Waliotunga maswali waliwawaza wake, majirani na watu wa sokoni. Mwenye bunduki mwenyewe hawakumwaza.

"Usimwambie ni mimi," Bi Mapazia akamsihi. "Nakuomba. Sema ni sheria."

Afisa akaahidi, na ahadi aliitimiza. Alitoka akasema kwa adabu kwamba faili la mzee linahitaji uchunguzi zaidi, kwamba bunduki itabaki ofisini, na kwamba mzee angefaidika kumwona daktari. Akampa karatasi ya hospitali. Mkulima mnene akayaangalia madirisha.

Shabaha hakubisha. Aliisoma karatasi taratibu, kisha akamgeukia mkewe. Miwani aliyosema ameisahau ilikuwa usoni pake, ilikuwa pale tangu asubuhi.

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka mbele. Njia yote ya kurudi mkewe alimfuata nyuma, na kila alipoharakisha amfikie, mume naye alizidisha mwendo.

Hakumfokea. Hakumfukuza, hakuhama chumba, hakukataa chakula chake. Wifi ndiye aliyepiga kelele. Alikuja akasimama uani akasema nyumba hii imeuzwa na mwenye nyumba, akalia, akaondoka, na wiki nyingi hakukanyaga tena. Shabaha yeye alisalimia asubuhi, akashukuru baada ya chakula, akasema "usiku mwema." Wakulima waliacha kumwita. Kofia ilitundikwa msumarini. Karatasi ya hospitali alikwenda nayo, si kwa hiari, ila wifi aliporudi alimkokota, na daktari alimpa vidonge na siku za kurudi kuzungumza, naye akarudi. Alinenepa kidogo. Akaanza kupalilia ua. Kila aliyepita alisema mzee amepata nafuu.

Bi Mapazia alishona. Usingizi ulimpaa, akakesha akimsikiliza mumewe anavyokoroma, na kila mkoromo alimshukuru Mungu. Mchana alimtamani mtu yule wa mlangoni, wa "usiniuze nikichelewa." Alikuwa amempata mume akiwa hai na amempoteza papo hapo, na hakujua aombe lipi kwanza.

Siku moja mvua ilipokatika, afisa alikuja. Alisimama kizingitini na viatu vya matope, hataki kuchafua sakafu, mpaka Bi Mapazia alipomvuta mkono ndani. Alimweleza Shabaha kwamba muda wa rufaa unakwisha. Kama daktari ataandika kwamba amepona, anaweza kuiomba upya bunduki yake. Asipoomba, itakatwa vipande pamoja na nyingine.

"Ikateni," Shabaha akasema.

"Una hakika, baba?"

"Ikateni, binti yangu. Na pole kwa safari."

Afisa alipoondoka, Bi Mapazia alirudi mezani, akashika mkasi, lakini hakukata. Alihisi kitu kama furaha kinapanda kifuani, akakiogopa. Shabaha alikuwa bado amesimama mlangoni, akimwangalia msichana anavyoruka madimbwi.

"Yule mtoto ulimweleza kila kitu," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kweli tangu siku ile.

"Nilitaka uishi."

"Najua. Naishi." Alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza, kati yao vitambaa vya watu. "Si bunduki ninayokulaumu, bibie. Bunduki ni chuma. Wala si aibu, aibu nimeizoea. Ulikwenda kumwambia mtoto wa watu. Mimi hukuniuliza. Hata mara moja."

"Niliogopa. Nilidhani nitakutonesha."

"Asubuhi ile uliniona, ukaniambia chai."

Mkewe aliuangalia mkasi mkononi mwake. Akainamisha kichwa.

"Mimi ni mtu wa porini," Shabaha akasema. "Ningetaka nisionekane, najua pa kwenda. Hakuna ambaye angeniona. Lakini kila siku nilitoka nayo, nikaenda kukaa palepale unapopita wewe. Ulidhani kwa nini?"

Mkasi ulimponyoka ukaanguka chini. Bi Mapazia alilia kama alivyolia siku ya kaburi, kwa sauti, bila kujifunika uso. Alizunguka meza, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akashika mikono ya mumewe yote miwili. Akamuuliza. Alimuuliza analala na nini moyoni, anaamka na nini. Akamtajia binti yao kwa jina, na jina lilitoka kwa shida, kama mlango uliovimba kwa mvua. Akamuuliza kama bado anataka kufa.

Shabaha alifungua mdomo. Mkewe akangoja. Alingoja sana.

"Wakati ule ningekwambia yote," akasema mwishowe. "Nilikuwa nayo yamejaa mpaka hapa. Sasa hata sijui yalikuwa yanaanzia wapi."

Hakuiondoa mikono yake, lakini hakuikaza pia. Wakabaki hivyo, mmoja kitini na mmoja sakafuni, mpaka mteja akabisha hodi mlango wa mbele kuulizia pazia lake, na ikabidi Bi Mapazia ajifute uso akamfungulie.